Herufi ya Mwisho

Usiniambie jina la gari. Jina ni la nyuma ya bodi,
hata vijana wa Mianzini wanalibandika kwa gundi.
Lete tochi. Inama hapa, penye ukuta wa injini,
soma kibati. Herufi za mwanzo ni za ukoo;
ya mwisho ndiyo inayosema
binti huyu alikusudiwa aolewe wapi.

Hizi mbili wewe unaziona pacha:
nyeupe zote, mwaka mmoja, kiwanda kimoja,
pikapu zimelala ubavu kwa ubavu
hapa Unga Limited, chini ya bati la Fundi Ndewario,
kama ndugu waliofika msibani kwa mabasi tofauti.

Hii ilichorewa jangwa.
Feni kama sinia la pilau ya harusi,
rejeta nene, kiyoyozi cha kugandisha vidole.
Na hita? Pana kifuniko cha plastiki tu, kimya.
Huko Ghuba nani angeomba joto?
Sasa ni ya Elinami wa Olmotonyi,
anateremsha maziwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
shuka la Kimasai magotini,
anafuta ukungu wa kioo kwa kiganja
na kumtukana mtu asiyemjua.

Hii ilichorewa theluji.
Inapasha moto mpaka chini ya makalio.
Taa zinajiwasha mchana kweupe,
kila bodaboda wa Kisongo anakuchezea vidole: zima, zima!
Inataka dizeli safi kama maji ya ubatizo;
ukiinywesha ya kidumu inawasha taa ya njano,
inanuna, inatambaa kinyonga mpaka Makuyuni.
Geuka chini uone: chumvi ya barabara za kwao
imeila chesisi. Gonga kwa bisibisi.
Unaona? Unga.

Na ile ya milango mitano, ya Mwalimu Nashipai,
inaongea. Kila asubuhi mwanamke wa Kijapani
anamsalimu kutoka kwenye dashibodi,
naye anaitikia, «Salama, za huko?»
Kwenye ramani yake
Arusha yote iko baharini,
mshale mwekundu unaelea juu ya buluu,
«na mimi», anasema, «sijui hata kuogelea.»

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mikono mipya kwenye grisi,
nikamuuliza Ndewario:
mchoraji wa kule alifumba macho akaiona barabara ya watu wake,
mchanga wake, barafu yake,
hata mnyama anayeruka usiku, akamwekea ngao ya mbele.
Nani aliyefumba macho akaliona vumbi la Engaruka,
lile linaloingia hata ndani ya yai?
Nani aliliona korongo linalohama kila masika,
na magunia kumi na nane ya vitunguu, na bibi juu ya magunia,
na mbuzi juu ya bibi, karibu?

Hakujibu. Aliniomba spana ya kumi na nne.

Siku tatu tulifungua.
Hita ya theluji tukaihamishia jangwani,
mabomba yake tukayapitisha pasipo na njia.
Yenye hita tukaiongeza majani mawili ya springi
ya lori lililofia Longido,
chesisi tukaishona kwa bamba, moto wa buluu
ukanichapa ngozi ya shingo, alama ninayo.
Kichujio cha moshi? Hapo sisemi,
mwanao anasikiliza.

Jioni nikachukua msumari na nyundo
niongeze herufi moja pale mwisho wa kibati.
Akanishika mkono.
«Hicho si chetu. Andika kwenye daftari.»

Nikaandika. Ukurasa ule una kidole changu cha oili mpaka leo:
*Elinami. Hita. Laki na ishirini.
Amelipa nusu na lita tano za maziwa.
Amesema joto linafika miguuni,
ila upande wa kushoto tu.*