Mtungi Bila Kata

Kaka yangu Wepukhulu alishuka Jumapili
na lori la vitunguu, matope ya Bududa bado viatuni,
nikampeleka bustani ya mji, hapa Mbale,
nimwonyeshe kitu ninachokipenda.

Alisimama langoni kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.
"Shilingi mia tano," akasema, "kutazama nyasi?"
Nikalipia wawili.
Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi,
kibao kinasema usizikanyage,
naye, kabla hajakisoma, alikuwa keshazikanyaga.

Nikamwonyesha benchi langu, la kijani, lenye ubao mmoja uliolegea.
Nikamwambia: hapa, kuanzia saa kumi, hakuna anijuaye.
Sishoni, sipiki, siitwi.
Msichana anauza njugu kwenye karatasi za gazeti.
Mpiga picha ananyoosha tai ya bwana harusi.
Na katikati yupo yule, mama wa saruji,
mtungi kichwani, mguu mmoja mbele,
miaka yote hii hajafika nyumbani
wala hajachoka.

"Kule kwetu," akaanza.
Nilijua ataanza.
Kule kwetu mbega wanaruka, weupe wao ukipepea
kama mashuka yanayoanuliwa mvua ikija;
mianzi inasuguana usiku kucha,
machipukizi yake yanakaa moshini hadi yanukie;
maporomoko hayana lango,
ukungu haukatiwi tiketi.
Kweli tupu. Sikumbishia hata neno.
Mimi pia nimelala chali juu ya majani yale
nikihesabu mwewe.

Lakini usiku ule, mvua ya siku ya tatu,
mlima ulishuka kwa miguu yake wenyewe,
ukapita kati ya jiko na chumba.
Asubuhi migomba ya jirani ilikuwa imesimama wima
shambani kwetu, kana kwamba imehama na mizigo yake,
na mama hatukumpata, ila leso yake.
Wepukhulu alipanda kahawa palepale.
Mimi nikaja huku ambako ardhi imemiminiwa zege,
kila mti una namba ya rangi nyeupe,
na yupo mtu wa kuulizwa ukianguka.

Haya sikumwambia. Alikuwepo.

Akaizunguka sanamu mara moja, mara ya pili,
mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe.
Akacheka.
"Fundi huyu hajawahi kuteka maji.
Mtungi hauna kata!
Angefika wapi, utosi mtupu?"

Miaka sita nimeketi mbele yake.
Nimempangusa kinyesi cha korongo kwa kitambaa changu.
Sikuwahi kuona.
Mimi, niliyepanda kutoka mtoni mara nne kwa siku,
ambaye utosini hadi leo pana mahali
nywele huota kwa kusitasita.

Aliondoka na lori saa kumi na mbili.
Hakusema bustani ni nzuri.
Alisema njugu zilikuwa bado na moto.

Jumapili iliyofuata nilileta jani kavu la mgomba,
nikalisokota kama nilivyofunzwa,
zungusha, zungusha, ncha uifiche ndani.
Mtungi wa saruji haunyanyuki.
Nikaiweka kata chini, karibu na ule mguu ulio mbele,
pale ambapo angeiona
kama angeweza kuinama.

Mlinzi aliifagia Jumatatu.
Ndiyo kazi yake, simlaumu.
Nasokota nyingine.