Suruali ya Luvanda

Mwaka mzima nimeanguka kona ileile,
ile ya juu ya Chimala, barabara inapojikunja
kama utumbo wa mbuzi kuelekea Matamba,
na kila nilipoanguka niliukumbatia kwanza mtungi
(mbegu za madume zimelala humo, katika moshi wa baridi)
ndipo nikatafuta goti langu liko wapi.

Ofisini waliandika: mzembe.
Wenye ng'ombe kule juu walisema kwa upole zaidi:
dada daktari, pikipiki imekukataa.

Pikipiki ilikuwa ya Luvanda.
Luvanda, kilo tisini na kitu bila koti,
aliyehamishiwa Ludewa akaacha nyuma ufunguo,
kofia inayonuka tumbaku,
na springi aliyoikaza mpaka ikanyamaza.
Mimi nikipanda, ilibaki wima
kama wifi asiyetaka kusalimiwa.
Vidole vya mguu vilitafuta ardhi, vikakuta upepo.
Na kwenye mteremko, Mungu wangu,
kiti kikanisukuma mgongoni,
usukani ukawa mwepesi kama sahani ya bati,
mkia ukataka kufika Chimala kabla ya kichwa.

Ambwene hakufungua kitu.
Alizunguka mara mbili, akainama,
akavuka barabara kwa Bi Sekela wa cherehani,
akarudi na utepe wa kupimia nguo shingoni.

"Kilo ngapi?"
"Sitini."
Akanitazama.
"Panda. Na koti, na buti, na mtungi wako.
Panda kama unakwenda kazini, siyo kanisani."

Alikuwa amepima kwanza gurudumu likining'inia,
pikipiki juu ya kreti la soda,
toka ekseli hadi alama ya chaki chini ya kiti:
sitini na mbili.
Sasa nimekaa, bega kwenye ukuta wa gereji:
hamsini na nane na nusu.
Akaguna.
"Haijui kama umepanda. Ilitakiwa izame karibu kumi.
Na wewe sitini hufiki."
Hamsini na moja, nikakiri,
mbele ya vijana wawili wa kuziba pancha.
"Basi mwaka mzima umevaa suruali ya Luvanda."

Akaigonga ringi ya springi kwa patasi na nyundo,
taratibu, kinyume cha saa,
kutu ikidondoka kama ugoro.
Mzunguko mmoja. Shuka, panda, pima.
Mwingine. Shuka, panda, pima.
Mvua ikaja, ikapita, chai ikapoa.
Utepe ukasema hamsini na tatu.

"Ukishusha kiuno usisahau mabega."
Akalegeza bolti za mbele,
mabomba yakapenya juu kidogo, upana wa kucha,
pua ikainama kwa adabu.
Kisha skrubu ndogo chini kabisa ya shokapu:
"Hii ndiyo subira yake.
Ikilegea mno, inakurusha. Ikibanwa mno, inasahau kuinuka."
Tik. Tik. Alisikiliza kwa kidole.

Ijumaa nikapanda.
Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama ng'ombe wa mtu.
Kwenye kona ile nilishusha mguu wa kushoto
kwa mazoea tu ya kuanguka,
na ardhi ilikuwepo.
Unyayo mzima.
Nikasimama pale, injini ikinguruma,
bila sababu yoyote ya kusimama.

Sentimita tano na nusu.
Ndizo zilizoandikwa ofisini kwa jina langu.

Utepe ulirudi kwa Bi Sekela una grisi
kati ya hamsini na tatu na sitini na mbili.
Hakuufua; alikuwa na haraka.
Yuko bibi harusi huko Igurusi, kiuno chake ni humohumo,
mwenye doa jeusi ndani ya mshono
asilolijua limetoka wapi.