Seli ya Tisa

Mestia, saa nane usiku. Umeme umerudi,
mtandao umerudi mguu mmoja tu,
unachechemea kupanda mlima hadi dirishani kwangu.
Kivinjari kinazungusha duara lake.
Chai imepoa. Kinazungusha.

Malkhazi, kule bondeni, anataka kina cha mto kabla ya alfajiri.
Seva yenye vipimo iko Tbilisi,
na kati yetu umebaki uzi mwembamba wa herufi:
skrini nyeusi, kishale kinachopepesa
kama mtu anayengoja umalize sentensi.

Basi daftari la msimbo nitalifungulia humu humu gizani.
Zana ninazo tatu, zote huria,
kazi ya watu nisiowajua, usiku kama huu, bila mshahara.

Ya kwanza naiita Bibi Harusi.
Ina rangi, ina fremu, seli zimepangwa kama vyombo kabatini.
Grafu huichora kwa vinukta, nukta juu ya nukta,
mpaka mto Mulkhura unapanda skrini na kushuka
nami nasahau kwamba ni herufi.
Kumbukumbu ya mashine inaila bila kunawa.

Ya pili inaishi ndani ya kihariri changu cha zamani,
kile ambacho vidole vinakijua kuliko mimi.
Mtunzaji wake aliacha ujumbe miaka minne iliyopita:
“Tumepata mapacha. Atakayeweza, aendeleze.”
Hakuna aliyeendeleza. Jedwali likiwa pana hulikata mkia,
na nimlalamikie nani, mapacha?

Ya tatu haina sura.
Daftari kwake ni maandishi matupu, na haikumbuki kitu.
Kila ukiiendesha huanza juu kabisa, ya kwanza, ya pili,
kama mtoto anayehesabu ngazi:
mkatize, atarudi chini kuanza upya.
Dakika kumi na moja!
Niliitukana kwa Kisvani, kisha kwa Kigeorgia, isije ikasema haikusikia.

Ikafika seli ya tisa, ikagoma.
*Kizidishi: jina halijulikani.*
Nikarudi kwa Bibi Harusi. Seli ileile. Akapita akitabasamu:
mita mbili na nukta moja.
Nikarudi kwa ile isiyo na sura.
*Jina halijulikani.*

Ndipo nikakumbuka. Jumanne niliifuta seli ya nne,
kizidishi cha kipimo cha zamani, kile kilichong’olewa na mafuriko.
Niliifuta kwenye skrini. Kwenye kiini haikufutika.
Siku tatu Bibi Harusi amekuwa akizidisha
kwa namba ya marehemu, kwa adabu zote.

Nikaandika kizidishi kipya. Dakika kumi na moja.
Sikutukana.
Mita tatu na nukta nne.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hawakusema kwamba inaweza kupakwa rangi hivi.

“Malkhazi, ya jana haikuwa kweli. Wala ya juzi.”
Kimya. Kisha nikasikia akivaa viatu.
“Grafu unayo?”
“Sina. Nina namba tu.”
Simu ikakatika, au aliikata.

Najijua: kesho nitamrudia Bibi Harusi,
sijaacha kupenda picha.
Ila kwanza nitamwandikia yule baba
nimuulize mapacha wanaitwa nani.