Pua ya Kuazima

Nimeiandika nyuma ya risiti ya petroli,
ile ya mwisho, iliyonitoa jasho kuliko jua la Mikindani:
spana kumi, spana kumi na tatu, na kumi na saba ziwe mbili,
maana nati ya shaba hushikwa kwa mikono miwili,
mmoja ukizungusha, mmoja ukikataa.
Kisu cha kukatia bomba. Msumeno hapana,
msumeno huacha vumbi la shaba, na vumbi husafiri.
Springi ya kupindia. Usilikunje kwa goti:
bomba likivunjika kiuno halisimami tena.

Spana nilikuwa nazo. Vingine vilikuwa kwa watu.
Mwagandi wa Magongo alinipa drili na masharti yake:
irudi kabla ya magharibi, na ncha zote,
hata ile iliyokufa.
Kifaa cha kutanua mdomo wa bomba
nilikipata Makupa kwa Dzombo, fundi friji,
ambaye hakuniuliza pesa. Aliuliza,
"Na mtungi utaufunga kwa nini? Kamba ya mbuzi?"
Nikaongeza kwenye risiti: mikanda ya chuma, bolti nane.

Nguo ya kuazima, wamesema, haisitiri matako.
Spana ya kuazima lakini inakaza.

Kitu kimoja sikukiandika.
Miaka kumi na minane nilipiga magari rangi pale Shimanzi,
nimejifunga kipande cha leso puani,
na thina ikanila kidogo kidogo, bila kelele,
mpaka usiku mmoja wali ukaungua sufuriani
mimi nikiwa kando yake, nasoma gazeti.
Gesi wameitia uvundo makusudi
ili mtu akurupuke, akimbie.
Mimi ningekaa palepale
natafuta kiberiti.

Basi nikabisha kwa Bi Mwanahamisi, mkaanga viazi karai,
ambaye hatukuwa tumesemezana tangu kesi ya mtaro.
Nilisimama mlangoni na mikono ya grisi.
Nikasema, "Nimekuja kuazima pua."
Alinitazama. Akazima jiko lake. Akajitanda leso akaja,
na mjukuu wake, Sidi, nyuma,
amekumbatia kizima-moto kama mtoto wa kupakatwa.

Akaizunguka Probox polepole, kama anayechagua papai.
Kwenye buti: kimya. Chini ya mlango: kimya.
Karibu na injini akasita.
"Hapa pananuka," akasema. "Na si wewe."

Nikapaka maji ya sabuni kwa brashi ya kunyolea.
Povu likatulia, likafikiri,
kisha kwenye kiungo cha tatu likafura jicho moja,
likapasuka, likafura tena.
Robo ya mzunguko, spana mbili, pumzi moja.
Jicho likafumba.

Injini ilikohoa, ikatukana, ikakubali.
Tukaiacha ingurume. Dakika kumi hivi.
Ndipo Sidi akapiga ukelele:
"Babu, gari linaota chumvi!"

Regyuleta ilikuwa imevaa nyeupe.
Sakitu, adhuhuri, Mikindani,
kuku wanahema kivulini wamekunjua mbawa,
na chuma changu kinaganda.
Lilikuwa kosa langu. Mpira wa maji ya moto
niliuunga mahali ambapo maji hayapiti,
na gesi, ikikosa joto, huiba la chuma.
Nilijua. Nilitaka kuzima.
Lakini watoto wa plotini walishajaa,
kila mmoja akikwangua kwa ukucha,
na Bi Mwanahamisi akachovya kidole
akajipaka kwenye paji la uso, akafumba macho.
"Ngoja kidogo," akasema.
Nikangoja.

Kisha tukafungua yote upya.

Drili ya Mwagandi ilirudi saa tatu za usiku.
Ncha moja haikuonekana.