Tuwanyime Uzee

Tangu jua kuzama vijana wa mto Fiu
wamekaa miguu wazi, suruali imekunjwa magotini,
wakimnyonya mbu kwa mrija kabla hajawanyonya wao,
wakimtia kwenye kikombe cha karatasi:
saa moja, saa mbili, saa tatu.

Asubuhi ni zamu ya Relma.
Sindano mbili, tone la maji,
darubini iliyofungwa gundi ya karatasi shingoni.
Mimi nashika daftari.

Mbu hana mvi, hana mkongojo.
Umri wake umefichwa penye mayai,
kwenye mirija ya pumzi, myembamba kuliko wazo,
iliyojiviringa kama kidonge cha uzi
ambacho mshonaji hajakigusa.
Akitaga mara moja tu, uzi unafumuka
na haurudi tena kuviringika.

"Mwari," anasema Relma. Naandika.
"Mwari. Mwari."
Anasogeza taa.
"Huyu ameshazaa."

Nilikuja kazini nikiamini kila mbu ni muuaji.
Kumbe wengi hufa bila hatia,
siku ya tatu, siku ya sita,
kwa buibui, kwa mvua, kwa mkia wa ng'ombe.
Kimelea hakina haraka:
kinataka siku kumi, kumi na mbili,
kiote tumboni, kipasuke, kipande hadi kwenye mate.
Anayetuua ni aliyechelewa kufa,
bibi mwenye mbawa zilizochakaa pindoni,
anayepiga hodi kwa mara ya nne au ya tano.

"Si lazima tuwamalize," Relma husema,
akifuta kioo kwa ncha ya kanga ya maua
aliyoletewa na dada yake kutoka Gizo.
"Tuwanyime uzee tu."

Siku moja, bila kuulizwa, aliniambia
kuhusu meli ya vyandarua iliyokwama Honiara
kwa sababu ya karatasi isiyo na muhuri.
Siku kumi na mbili.
Mwanawe Maelasi alikuwa na miaka mitatu,
alikuwa ameanza kutamka "r".
"Sisemi ndiyo sababu," alisema. "Nahesabu tu."

Leo, kati ya sitini na mmoja,
waliozaa ni tisa.
Anavua miwani. Ananiuliza tarehe.
Namtajia,
naye anainama juu ya vidole vyake
akihesabu kurudi nyuma.