Utenzi wa Mashine ya Bi Mize

Ilikuwa Jumatatu,
sina mteja, si mtu,
ila paka wangu Chatu,
kibandani Utaani.

Akaingia Bi Mize,
asema, “Nikueleze,
au kwanza uchunguze?”
Akaiweka mezani.

Laptopu ya kijivu,
kifuniko kina kovu,
inawaka kwa uvivu,
kisha kiza kiooni.

Katikati ya weusi
alama ya wasiwasi,
mshangao tu, na basi,
kama jicho la jirani.

Nikasema, “Ikawaje?”
“Iliniomba ningoje,
ijisasishe, nisije
nikaizima njiani.

Nikangoja, nisiseme,
kucha yangu niiume,
ikawa nusu; umeme
ukaondoka mjini.

Beteri, unaijua,
mwaka huu yaugua,
ikalala, nikajua
kwamba tumo mashakani.”

Nikamwambia, “Si shoti,
wala si maji, bahati!
Imesahau kwa dhati
kuamka ndiko nini.

Dawa yake ni faili,
moja tu, lakini kali:
ni giga kumi na mbili,
hushushwa toka hewani.

Lakini ujue, dada,
dawa hii ina ada:
itafuta, kawaida,
kila kilichomo ndani.”

Kakaa juu ya ndoo
akitazama kioo.
“Unayo nakala?” “Ng’oo,
yote yamo mashineni.

Mna wote walokopa,
na tarehe za kulipa,
na wale waliokwepa,
kikundi cha thelathini.”

Akanyamaza kitambo,
akapima hili jambo:
“Futa! Mimi binti Kombo.
Fanya kazi, wangojani?”

Bando rahisi usiku;
nikalala kama kuku
kwa zamu, siku kwa siku,
simu juu dirishani.

Wa kwanza, giga ni nne;
wa pili, zikawa nane;
wa tatu, ngoja uone,
mtandao taabani.

Faili lenye mapengo,
sahihi yake uongo;
likatupwa kwa maringo,
nikarejea mwanzoni.

Siku ya sita, adhana
yaita, nikaliona
limetimia, hapana
hata tundu ubavuni.

Bi Mize kaitwa, kaja
na chupa ya chai moja;
yake na yangu pamoja
kwa waya wa kitovuni.

“Bonyeza, hesabu kumi;
wewe viwili, na mimi
kimoja.” Vidole, ndimi
vikawa vyote kazini.

Ukachomoza ufito
mweupe, kama mtoto
atambaaye, kushoto
kwenda pole kuumeni.

Nikaomba, “We umeme,
leo tu usituhame,
nenda kesho, ukachume
karafuu Mtambweni.”

Ikawaka kwa salamu:
“Karibu!” Bila fahamu
yamuuliza kwa hamu,
“Jina lako wewe nani?”

Bi Mize kaguna, “Ala!
Sahani moja twakula,
leo yauliza, wala
haina haya usoni.”

Ndani yake nyumba tupu,
hakuna hata kikapu,
kuta zanukia lipu;
nikatazama pembeni.

Yeye akavuta kiti,
wala hakutaka cheti,
kachapa: “Saumu binti
Faki, laki na sitini.

Subira, ya yule mbuzi;
Hidaya, tangu miezi
sita, huyu ni mjuzi
wa kulia kikaoni.”

Thelathini bila kosa,
na tarehe, na mapesa;
nami nikajipapasa,
nina lipi la kichwani?

Nikataja bei yangu,
akacheka, “Fundi wangu,
mamako yu kwenye fungu,
namba yake ishirini.”

Tukakata. Yakabaki
mapeni ya chai, haki,
na paka Chatu hataki
kuondoka kibodini.