Hesabu ya Pampu Namba Tatu

Saa kumi na moja alfajiri upepo wa Julai
unashuka Mlimwa kama mdai aliyeelekezwa kwangu.
Navaa koti juu ya shati la kampuni.
Bwana Chibehe, msimamizi, haongezi neno la salamu:
"Sechelela, beji haionekani."
Navua koti. Beji inaonekana.
Mimi natetemeka.

Gari la kwanza ni refu, jeupe, kioo kinashuka nusu.
"Jaza."
Wanaosema jaza hawataji shilingi.
Wa bodaboda ndio hutaja: "Ya elfu mbili, dada,
na usiimwage hata tone."
Nabana mkono, natazama namba zinavyokimbizana,
laki, laki na nusu, laki na themanini.
Hapo huwa napepesa jicho.
Hapo mwezi wangu mzima umeshapita ndani ya mpira,
na tangi bado linakunywa.

Usiku nafungua daftari la shule la Nyemo, kurasa za nyuma.
Kumi na nane elfu za uzeeni zimeondoka kabla sijaziona
(uzee wenyewe, sijui kama utanikuta).
Chumba Chang'ombe, arobaini.
Nauli, kwenda na kurudi, siku ishirini na sita:
thelathini na moja na mia mbili.
Ishirini na sita za jirani anayenilelea mtoto,
maana ili nipate hela ya kumlea
sharti kwanza nimlipe anayemlea.
Wali maharage wa mchana, thelathini na tisa,
na nikishinda njaa mkono hutetemeka, nikamwaga, nikalipa.
Kisha zile lita nne zilizoyeyuka siku umeme ulipokatika:
mashine ilisema zimetoka, mfuko ukasema hazikuingia,
wakaiamini mashine.
Kumi na mbili.

Zinabaki kumi na tatu na mia nane.
Kumi za mama, Hombolo. Mia nane makato ya simu.
Tatu.

Elfu tatu. Nimerudia mara mbili, nikidhani nimekosea.
Kwa bei ya leo ni lita moja ya petroli,
nami sina pa kuitia.

Na unga wa jioni? Mkaa? Dumu la maji?
Hayo hayamo humu. Hayo yamo kwenye daftari la Mangi,
na Mangi hakunikopesha kwa sura yangu.
Nilipokuwa kibarua wa mizabibu alinitazama kupita bega,
kama mtu anayesubiri mteja aliye nyuma yangu.
Nilipoingia dukani na shati hili akauliza, "Nikuandikie?"
Basi labda ndicho ninachouza mchana kutwa, ndicho ninachonunua:
heshima ya kudaiwa.

Mama amepiga simu akitoka shambani,
vidole vimechubuka kwa kufunga mizabibu ya watu.
"Mbukwa, mwanangu. Hiyo kazi inalipa?"
Nikasema inalipa.
Akanyamaza kidogo. Nikamsikia anapuliza vidole.
"Maana hapa wanatafuta watu. Elfu tano kwa siku."
"Siku ngapi?"
"Mpaka zabibu ziishe."
Tukacheka wote wawili, yeye akatangulia kuacha.

Sijajibu swali lake, najua.
Kuna siku naona bora nilale, nisitumie nauli
kuifuata nauli.
Halafu saa kumi kasoro inagonga, miguu inatangulia,
mimi naikuta barabarani.

Nimenawa kwa sabuni ya unga, nikanawa kwa ndimu,
bado Nyemo ameshika kiganja changu gizani, akanusa.
"Mama, unanukia gari."
"Lala."
"Letu liko wapi?"
Nikamwambia nimeliacha kazini.
Akaridhika, akageukia ukutani,
akalala kama mtoto wa mtu mwenye gari.